Unyevu Ukutani: Kazi Yako na Kazi ya Fundi

Masika yameisha, matope yamekauka barabarani, na sasa kuta ndizo zinazotoa ushahidi wa mvua tuliyoipata. Rangi imevimba na kubanduka kuanzia chini, karibu na sakafu. Ukipitisha kiganja unatoka na unga mweupe. Ukisogeza kabati unakuta madoa meusi nyuma yake, na chumba kinanuka uvundo hata madirisha yakiwa wazi. Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kuanzia Mtwara hadi Lamu, huu ndio wakati mume na mke hukaa wakaulizana: tununue vifaa tufanye wenyewe, au tutafute fundi?

Niseme msimamo wangu mapema. Swali hilo huulizwa kabla ya wakati wake. Linalotangulia ni maji yanatoka wapi, na kulijibu hilo ni kazi ya anayeishi ndani ya nyumba. Fundi huja mara moja, aghalabu mchana wa jua, anautazama ukuta kwa dakika chache, anataja bei. Wewe umeuona ukuta huo mwezi wa Aprili mvua ikinyesha usiku kucha, na utauona tena Septemba kabla vuli haijaanza. Unajua kama doa linakua au limesimama. Unajua kama linaongezeka mvua ikipiga kutoka upande wa bahari au hata kusipokuwa na mvua. Hakuna wa kukufanyia uchunguzi huo, na ukiufanya kwa makini, swali la nani ashike kazi litakuwa limeshajibika kwa sehemu kubwa.

Kinachowagharimu wengi ni kufunika. Ukuta umebanduka, watu wanakwangua, wanapiga rangi ya mafuta. Ikibanduka tena wanabandika vigae hadi kiunoni, au wanasimamisha ubao wa jipsamu mbele yake ili wageni wasione. Maji hayajaondoka. Yamezibiwa njia ya kutokea, kwa hiyo yanapanda juu zaidi kutafuta mahali pa kukaukia. Baada ya mwaka, doa lililokuwa gotini liko juu ya vigae, na nyuma ya ile jipsamu kuvu limeota bila mtu kuliona. Familia imelipa mara tatu, na chanzo hakijaguswa hata kidogo.

Basi tuanze na maji yanayopanda kutoka ardhini, maana hayo ndiyo yanayosumbua nyumba nyingi za tofali za saruji. Tofali hilo lina vinyweleo vingi vidogo, na maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa chemli. Kwa kawaida hayapiti sana mita moja kutoka sakafuni, kwa sababu yakifika hapo hewa inayakausha kwa kasi ileile yanayopandia. Ndiyo sababu doa lake huwa na mstari unaotambaa sambamba na sakafu, ukuta mzima au vyumba viwili mfululizo. Kinga yake inajulikana: nailoni nzito nyeusi, ile ambayo mafundi huiita ya geji 1000, hutandikwa chini ya jamvi, na utepe wa kuzuia unyevu hulazwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza la ukuta. Ni vitu vya gharama ndogo wakati wa kujenga. Ni vya kwanza pia kurukwa fedha zinapopungua, kwa kuwa hakuna atakayeviona nyumba ikishakamilika.

Sisi wa pwani tuna balaa jingine juu ya hilo, nalo ni chumvi. Mchanga uliochotwa karibu na bahari, au maji ya kisima chenye chumvi yaliyotumika kufyatulia tofali na kupigia lipu, huiacha chumvi ndani ya ukuta. Maji ya ardhini nayo hupanda na chumvi yake. Maji yakikauka, chumvi inabaki juu juu kama ule unga mweupe, inaisukuma rangi na kuichakaza lipu. Na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana kuna kuta zinazotoa jasho siku ya mawingu hata kama mvua haijanyesha kwa wiki mbili. Kwa hiyo hata ukifanikiwa kuzuia maji ya ardhini, lipu iliyoshiba chumvi haitapona. Inabidi ikwanguliwe yote hadi kwenye tofali, na mafundi wazuri hupita kama sentimita 30 juu ya mahali doa linapoishia, kisha wapige lipu mpya kwa mchanga safi wa mtoni na maji baridi yasiyo na chumvi.

Ukitaka kujua kama ulichokiona ni chumvi au kuvu, dondoshea maji kidogo. Chumvi huyeyuka na kupotea kwa muda. Kuvu halipotei. Hilo huhitaji mtu wa kukufanyia.

Sasa, kabla hujafikiria dawa yoyote ya ukutani, toka nje uangalie udongo. Utepe ule wa kuzuia unyevu unapaswa kuwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Katika mitaa yetu jambo hili huharibika polepole bila mtu kukusudia. Mwaka mmoja umemwaga kifusi ili uwanja usituame maji. Mwaka uliofuata umeweka pevingi juu ya kifusi. Jirani naye amejaza kiwanja chake, manispaa imeinua barabara, na nyumba yako ambayo ilikuwa juu sasa iko chini ya usawa wa mtaa. Au mama wa nyumba amepanga bustani ya maua ikiegemea ukuta na anaimwagilia kila jioni. Hapo unyevu unauruka ule utepe na kuingia moja kwa moja kwenye tofali. Tiba ni jembe na sepetu: ondoa udongo uliogusa ukuta, shusha usawa, uelekeze maji yakimbie mbali na nyumba. Nimeona watu wakinunua madebe ya rangi za bei kubwa kwa ukuta ambao ulihitaji kuondolewa udongo tu. Kazi hiyo ni yako, huna haja ya kumlipa mtaalamu, isipokuwa ukikuta maji ya mtaa mzima yanamiminikia kwako. Hapo utahitaji mtu anayejua mitaro, na pengine utahitaji serikali ya mtaa.

Doa likianzia juu, kwenye kona ya dari au juu ya dirisha, habari ni nyingine. Na hapa nina jambo la kusema kuhusu hizi nyumba za paa la kuficha ambazo zimeenea Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko. Zinapendeza, sikatai. Lakini paa la kawaida humwaga maji nje ya nyumba, na paa la kuficha huyakusanya ndani, kwenye gata lililo nyuma ya ukuta wa juu. Gata hilo likiziba kwa majani au mfuko wa plastiki, maji hujaa na kurudi nyuma chini ya bati, kisha hushuka ndani ya ukuta. Mwenye nyumba anaona doa chumbani anamlaumu aliyepiga rangi. Nyumba ya namna hii inataka kusafishwa gata kabla ya vuli na kabla ya masika, kila mwaka, bila kusubiri dalili. Kama una ngazi imara na mtu wa kuishika, unaweza kufanya mwenyewe. Kama huna, mlipe kijana aliyezoea kazi za juu. Gharama yake ni ndogo kuliko dari moja la jipsamu.

Paa la zege ni kazi ya fundi, hapo sina mjadala. Kupaka lami au utando wa kuzuia maji juu ya zege ambalo halikusafishwa, halikukauka, wala mteremko wake haujarekebishwa ni kutupa fedha. Lakini wewe unayo nguvu moja ambayo wengi hawaitumii. Kabla hujamaliza kumlipa, mwambie azibe matundu ya kutolea maji, ajaze maji ya sentimita chache juu ya paa, na yakae saa 24. Kesho yake mwingie chini pamoja mkatazame dari. Hakikisheni tu kwanza kwamba zege hilo halina nyufa wala dalili za udhaifu, kwa kuwa maji ni mzigo mzito. Fundi aliyefanya kazi safi hatalikataa jaribio hilo.

Mabomba nayo yana kipimo chake. Usiku watu wote wakilala, funga koki zote, hakikisha tangi halijazwi, soma mita ya maji uandike. Alfajiri kabla mtu hajanawa uso, isome tena. Namba zikisogea, maji yanatoroka mahali fulani. Uvujaji wa lita moja kwa saa unaonekana mdogo, lakini kwa mwezi ni lita 720, na zote zinaweza kuwa zinaingia kwenye ukuta wa bafu lako. Kujua hilo umefanya mwenyewe. Kulitafuta bomba ndani ya ukuta na kulikata mwachie fundi bomba, na umwonyeshe namba zako ili aanze kutafuta badala ya kubahatisha.

Kuna unyevu usiotoka ardhini wala juu, unatoka hewani. Hewa ya pwani imejaa maji. Chumba kikipoozwa na kiyoyozi usiku kucha, ukuta wake unakuwa baridi, na hewa ya joto ikiingia, au ikiwa upande wa pili wa ukuta huo, huacha umande. Nyuma ya kabati lililobanwa ukutani ndipo kuvu linapoanzia, kwa kuwa hewa haipiti. Nguo zikianikwa ndani wakati wa mvua ni vivyo hivyo, na jiko la kuchemshia lisilo na dirisha. Kipimo ni rahisi. Kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yako ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, ni umande wa hewa, na hapo hapatakiwi fundi wa ukuta. Sogeza kabati liache nafasi ya kiganja, fungua madirisha yanayotazamana, angalia bomba linalotoa maji ya kiyoyozi lisiwe linachuruzika juu ya ukuta.

Kuvu lenyewe tulisafishe vipi? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba mwaka 2009, na ulisema wazi kwamba watu wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hupata zaidi matatizo ya kupumua, mzio na pumu. Kwa hiyo si suala la urembo wa ukuta. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inashauri kwamba eneo dogo, kama mita moja ya mraba hivi, mtu anaweza kulisafisha mwenyewe. Vaa glavu na barakoa, fungua madirisha, toa watoto, sugua kwa maji na sabuni, kisha kausha kabisa. Ukitumia jiki, itumie peke yake. Tafadhali sana, usiichanganye na dawa ya kusafishia choo wala na kitu chochote chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayounguza mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya pa kulijua hilo. Kuvu likiwa limeenea ukuta mzima, au ndani ya nyumba kuna mwenye pumu, mtoto mchanga au mgonjwa, msimamo wangu ni kwamba usilisugue mwenyewe.

Yako mengine ambayo hupaswi kuyagusa. Ukuta uliolowa karibu na soketi au swichi: zima umeme kwenye swichi kuu, mwite fundi umeme mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA. Nguzo, mwimo au dari la zege lenye nyufa zinazofuata nondo na michirizi ya kahawia: hapo maji yameshafika kwenye chuma, chuma kinaota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana zege linapasuka na kudondoka. Kuziba kwa saruji juu juu ni kuficha hatari iliyo juu ya vichwa vya watu. Anayehitajika ni mhandisi aliyesajiliwa, kabla ya fundi yeyote.

Na wenzangu wa Mji Mkongwe wa Unguja, wa Lamu na wa mji wa kale wa Mombasa, nyumba zenu zina sheria yake. Kuta zile nene ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupokea unyevu na kuuachia, na kwa njia hiyo nyumba hizo zimesimama vizazi na vizazi katika hewa ya chumvi. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inaivunja lipu, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaanza kuoza pasipo mtu kuona. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, lakini sababu ya kutafuta fundi wa chokaa ni kubwa kuliko heshima hiyo: ni usalama wa anayelala chini ya boriti zile. Fundi hodari wa tofali za saruji anaweza kuiharibu nyumba ya matumbawe kwa nia njema kabisa. Muulize kwanza kama amewahi kufanya kazi na chokaa, na wapi ukaione. Na Unguja, usianze kabla ya kupita kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Nimeulizwa kuhusu dawa za kudunga ukutani. Zipo, na kanuni yake ni ya kweli: hutobolewa matundu mfululizo karibu na sakafu, dawa huingizwa, ikisambaa hufanya mstari wa kuzuia maji kupanda. Lakini zinafaa tu pale ambapo maji kweli yanapanda kutoka ardhini na ukuta ni mzima. Kwenye ukuta wa mawe wenye mapengo ndani hazitegemeki, na kwa maji ya bomba au ya paa hazisaidii chochote. Jihadhari na uchunguzi wa bure unaofanywa na muuza dawa. Zile mashine ndogo za kuchomeka ukutani nazo hudanganywa na chumvi, zikasoma unyevu mkubwa kuliko uliopo. Ni afadhali kumlipa mtu asiyeuza chochote akwambie chanzo, hata kama hatashika mwiko.

Ukimpata fundi, usianze na bei. Anza na swali: "Fundi, maji haya yanatoka wapi, na umejuaje?" Anayekujibu kwa kwenda nje kutazama, kupanda juu, kuulizia mita, huyo mzungumzishe bei. Anayejibu kwa kutaja aina ya rangi, mshukuru kwa kuja. Mkikubaliana, andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi msimu wa mvua upite. Kisha uwe na subira. Kanuni ya zamani ya mafundi husema ukuta uliolowa kabisa huhitaji kama mwezi mmoja kukauka kwa kila inchi ya unene wake. Ukuta wa inchi 6 ni kama nusu mwaka. Jua letu linaweza kupunguza muda huo, halitaufuta. Anayepaka rangi wiki ya pili anarudi alikotoka.

Wapangaji wenzangu najua mnasikiliza mkisema haya yote ni ya wenye nyumba. Ni kweli. Kusogeza kabati, kufungua dirisha na kusafisha kuvu dogo ni juu yako. Msingi, paa na mabomba si juu yako, na hupaswi kuvigharamia kimyakimya. Dalali akikupeleka kwenye chumba kilichopakwa rangi jana, kabla hujatoa kodi ya miezi sita, inama uguse ukuta karibu na sakafu, nusa ndani ya kabati la ukutani, muulize jirani mvua ilikuwaje hapa. Doa likitokea baadaye, lipige picha lenye tarehe, mwandikie mwenye nyumba ujumbe, uhifadhi.

Na kwako mwenye nyumba. Wasikilizaji wetu walioko Uingereza wanalijua jina la Awaab Ishak. Alikuwa mtoto wa miaka 2, wazazi wake wametoka Sudan, wakiishi katika nyumba ya kupanga mjini Rochdale. Alifariki Desemba 2020. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba aliuawa na maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi muda mrefu na kuvu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, na akaambiwa apake rangi juu yake. Mwaka 2023 Uingereza ilitunga sheria ya kuwalazimisha wamiliki wa nyumba za kijamii kushughulikia unyevu ndani ya muda uliowekwa.

Sisi tusisubiri sheria. Mpangaji akikuletea habari ya ukuta uliolowa, nenda ukaone mwenyewe, wiki hiyohiyo, na uende ukitafuta maji yanakotoka. Kopo la rangi liache dukani hadi ulijue hilo.